Chuma Menoni, Shaba Manyoyani

Metali zilizomo katika miili ya wanyama haziko katika hali ambayo mhunzi angezitambua. Hakuna mnyama anayeyeyusha mawe, wala anayebeba kipande cha chuma kitupu chini ya ngozi. Kinachopatikana ni atomi moja moja zilizoshikwa na protini, au punje ndogo mno za madini ambamo chuma kimeungana na oksijeni au salfa. Hata hivyo ni chuma kilekile cha jembe na shaba ileile ya nyaya za umeme, na kwa wanyama kadhaa metali hizo hufanya kazi zilezile ambazo binadamu anazitafutia: kukata, kutoboa, kukwaruza na kustahimili uchakavu.

Kwa mkemia, karibu kila mnyama ni mbeba metali. Kalsiamu ya mifupa ni metali. Sodiamu na potasiamu zinazopitisha ishara katika neva ni metali. Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 hivi za chuma, na sehemu kubwa ya chuma hicho imo katika himoglobini, protini inayoipa damu wekundu wake na kubeba oksijeni. Hayo ni ya kawaida mno kushangaza mtu. Yanayostahili kuangaliwa kwa karibu ni miili iliyopeleka metali mahali pasipotarajiwa.

Hata katika damu, chuma si metali pekee iliyopewa kazi. Pweza, ngisi, kaa, kambakoche, nge na konokono wengi husafirisha oksijeni kwa hemosiyanini, ambayo badala ya chuma ina shaba: atomi mbili za shaba hushika molekuli moja ya oksijeni. Protini hii haikai ndani ya chembe za damu kama himoglobini yetu, bali huelea katika majimaji ya damu yenyewe. Isipokuwa na oksijeni haina rangi, na ikiipata hugeuka buluu. Hubeba oksijeni kidogo kuliko himoglobini, na pweza hufidia upungufu huo kwa mioyo mitatu: miwili husukuma damu kwenye matamvua, na mmoja huisambaza mwilini kote.

Damu ya asidia ina kisa kigeni zaidi. Asidia ni wanyama wa baharini wenye umbo la mfuko, waliogandamana na miamba, nguzo za gati au matumbo ya vyombo, na maisha yao yote ni kuvuta maji upande mmoja na kuyatoa upande mwingine baada ya kuchuja chakula. Mwaka 1911 mkemia Mjerumani Martin Henze, akifanya utafiti Naples nchini Italia, aligundua kwamba chembe za damu yao zina vanadi, metali ambayo viwandani huchanganywa na chuma cha pua ili kukiimarisha. Katika maji ya bahari vanadi ni haba sana, lakini asidia wa spishi ya Ascidia gemmata huikusanya hadi kufikia mara milioni 10 ya kiwango kilichomo katika maji yanayomzunguka. Huihifadhi ndani ya chembe maalumu, katika vifuko vyenye asidi kali ya salfa. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba vanadi hubeba oksijeni, lakini sivyo. Wapo wanaoona kwamba hufanya nyama ya asidia isilike na samaki, lakini jibu linalokubaliwa na wote halijapatikana, na miaka zaidi ya 100 imepita tangu wakati wa Henze.

Nchi kavu, shaba imepata makao katika manyoya ya shorobo. Ndege hawa, ambao mahali pengine huitwa kulukulu, wanaishi Afrika peke yake, kusini mwa Sahara. Shorobo wa Fischer yuko katika misitu ya pwani kuanzia kusini mwa Somalia hadi Tanzania, Unguja ikiwemo. Shorobo wa Hartlaub ni wa misitu ya nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na huonekana hata katika bustani za Nairobi zenye miti mikubwa. Akiwa ametulia tawini ni ndege wa kijani na buluu. Anaporuka, mabawa hufunguka na kuonyesha wekundu mkali ambao muda mfupi kabla yake haukuwepo.

Wekundu huo ni wa turasini, rangi ambayo mkemia Mwingereza Arthur Herbert Church aliichunguza na kuitangaza mwaka 1869. Takriban asilimia 7 ya uzito wake ni shaba. Kiini chake ni porfirini, molekuli ya jamii moja na ile inayoshika chuma katika himoglobini, ila hapa nafasi ya chuma imechukuliwa na shaba. Ukijani wa shorobo nao si wa kawaida. Ndege wengi wa kijani, kasuku wakiwemo, hawana rangi ya kijani katika manyoya yao: unyoya hutawanya mwanga wa buluu, mwanga huo hupita kwenye rangi ya manjano, na jicho huona kijani. Shorobo ana rangi halisi ya kijani, turakoverdini, nayo pia ina shaba. Shaba yote hiyo hutoka katika matunda, machipukizi na vyakula vingine anavyokula. Turasini ina udhaifu mmoja: huyeyuka katika maji yenye magadi au sabuni, na unyoya uliotumbukizwa humo huyatia maji wekundu. Nchini Eswatini manyoya mekundu ya shorobo, ambaye huko huitwa ligwalagwala, ni pambo la ukoo wa kifalme. Bila shaka hakuna anayeyafua.

Kwa shorobo, shaba ni urembo. Menoni metali zina kazi ngumu zaidi, na hakuna anayeonyesha hivyo vizuri kuliko kitoni. Huyu ni mnyama bapa wa jamii ya moluska, ndugu wa mbali wa konokono na chaza, mwenye magamba 8 yaliyopangwa mgongoni. Katika pwani ya Kenya, Tanzania na visiwa vya Bahari ya Hindi, maji yanapokupwa vitoni hubaki wamegandamana na miamba ya matumbawe ya kale, na wapita njia wengi huwadhania kuwa sehemu ya jiwe. Mwani anaoula umeota juu ya mwamba na hata kupenya ndani ya tabaka lake la juu, kwa hiyo kitoni hupata chakula chake kwa kukwaruza jiwe lenyewe.

Kifaa chake ni radula, ukanda wa kitini wenye safu nyingi za meno, kila safu ikiwa na meno 17. Katika kila safu, jozi moja ya meno makubwa imevikwa kofia nyeusi ya magnetaiti, oksaidi ya chuma inayovutwa na sumaku. Heinz Lowenstam wa Taasisi ya Teknolojia ya California alipotangaza jambo hilo mwaka 1962, iliaminika kwamba magnetaiti huundwa tu kwa joto na mgandamizo mkubwa ndani ya ardhi. Kumbe mnyama laini, kwenye joto la kawaida la maji ya bahari, alikuwa akiitengeneza siku zote.

Jinsi anavyoitengeneza inaweza kusomwa kwenye ukanda mmoja. Mwisho wa nyuma meno machanga ni ya kitini tupu, laini na angavu. Safu chache mbele yake, chuma kilichosafirishwa kwa feritini, protini ya aina ileile inayohifadhi chuma katika ini la binadamu, huwekwa kwenye nyuzi za kitini, na meno hugeuka rangi ya kutu kwa madini yaitwayo ferihaidraiti. Mbele zaidi ferihaidraiti hugeuka magnetaiti, na jino huwa jeusi. Safu za mbele kabisa ndizo zinazokwaruza. Zikichakaa hung'oka, na za nyuma husogea kushika nafasi. Mtafiti mwenye radula moja mkononi anaona hatua zote kwa mpangilio wake, kuanzia jino lisilo na chembe ya chuma hadi lililokwisha kazi.

Magnetaiti ya kitoni ni miongoni mwa madini magumu zaidi yanayojulikana kutengenezwa na kiumbe hai, na ugumu wake unafika takriban mara 3 ya enameli ya binadamu. Lakini jino zima si magnetaiti. Ganda gumu linafunika kiini laini zaidi, na chini yake kuna shina linalonyumbulika na kuliunganisha jino na ukanda. Ndivyo afanyavyo fundi wa shoka: chuma huwekwa penye makali, mpini hubaki mti. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walipolichunguza shina la jino la kitoni mkubwa kuliko wote, yule wa pwani za kaskazini mwa Bahari ya Pasifiki anayeweza kuzidi sentimita 30, walikuta ndani yake punje za santabarbaraiti. Hayo ni madini ya chuma na fosfati ambayo hapo awali yalijulikana kutoka kwenye miamba tu. Punje hizo hulipa shina uimara bila kuliongezea uzito mwingi.

Kwenye miamba hiyohiyo wanaishi limpeti, konokono wadogo wenye gamba la umbo la pia lisilojisokota. Wao pia hukwaruza mwani kwa radula, lakini chuma chao kimo katika gothaiti, oksaidi nyingine ya chuma yenye maji ndani yake, na haiko katika umbo la kofia bali la nyuzi nyembamba mno zilizopangwa sambamba ndani ya kitini. Mwaka 2015 kundi la Asa Barber wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, lilipima nguvu inayohitajika kulikata jino hilo kwa kulivuta. Matokeo yalikuwa kati ya gigapaskali 3 na 6.5, zaidi ya uzi wa buibui, ambao kwa muda mrefu ulikuwa umehesabiwa kuwa kitu imara kuliko vyote vinavyotokana na kiumbe hai. Jino lenyewe halifiki hata milimita moja.

Kwa kuwa magnetaiti huvutwa na sumaku, ugunduzi wa Lowenstam ulizua swali lingine: je, wanyama wanaosafiri mbali hubeba punje zake ili kujua kaskazini iko wapi? Bakteria fulani wa majini hufanya hivyo. Richard Blakemore aliwaeleza mwaka 1975, na minyororo ya punje za magnetaiti ndani yao huwaelekeza kufuata uga wa sumaku wa dunia. Habari ya njiwa imekuwa ya utata. Kwa miaka kadhaa ilidaiwa kwamba mdomo wa juu wa njiwa una neva zenye chuma, na dai hilo likaingia katika vitabu. Mwaka 2012 kundi la David Keays la mjini Vienna lilionyesha kwamba chembe hizo si neva hata kidogo. Ni makrofaji, chembe za kinga ambazo kazi yake mojawapo ni kuokota na kuhifadhi chuma cha chembe nyekundu zilizokufa. Uwezo wa njiwa kurudi kwao haukupungua kwa utafiti huo; kilichoanguka ni maelezo ya mdomo wenye sumaku.

Wanyama wenye uti wa mgongo hawajafika mbali kama kitoni, lakini chuma kimo katika meno ya wengi wao. Meno ya mbele ya wagugunaji, yaani panya, kindi, ndezi na jamaa zao, pamoja na biva wa Ulaya na Amerika Kaskazini, hukua maisha yote, na upande wake wa mbele mara nyingi ni wa manjano au wa rangi ya chungwa. Rangi hiyo si uchafu. Ni chuma kilichowekwa katika tabaka la nje la enameli. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba hakimo ndani ya nyuzi za enameli zenyewe, bali katika nafasi nyembamba mno kati yake, na kwamba kiasi hicho kidogo kinatosha kulifanya jino la biva kuwa gumu zaidi na kustahimili asidi kuliko hata enameli iliyotiwa floridi. Upande wa nyuma wa jino hauna enameli. Dentini iliyoko huko huisha haraka kuliko mbele, na makali hujinoa yenyewe kila mnyama anapoguguna. Chuma kimefika pia kwenye meno ya kirukanjia wa Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini, ambao ncha za meno yao ni nyekundu. Kirukanjia wa Afrika Mashariki ni wa tawi jingine la ukoo huo, lenye meno meupe.

Wa karibuni kuingia katika orodha hii ni joka la Komodo, kenge mkubwa kuliko wote, anayeishi katika visiwa vichache vya Indonesia. Meno yake yamepinda na yana ukingo wa msumeno, nayo hurarua nyama kwa kutoboa na kuvuta nyuma. Enameli yake ni nyembamba sana, na kwa muda mrefu haikueleweka jinsi inavyohimili kazi hiyo. Mwaka 2024 watafiti walioongozwa kutoka King's College London walionyesha kwamba ncha ya jino na kila kijino cha msumeno vimefunikwa na utando wa rangi ya chungwa wenye chuma kingi. Utafiti huo uliangalia pia kenge wengine na mamba, ukakuta dalili za chuma katika enameli yao, ingawa si kwa wingi wa kuonekana kama kwa joka la Komodo.

Wadudu, buibui na nge wameshika njia tofauti. Kwao metali za kazi ni zinki na manganisi, na mahali pake ni ncha: mataya ya sisimizi, ya mchwa wa mbao kavu na ya nzige, mataya ya mabuu ya mbawakawa watobao miti, meno ya sumu ya buibui, mwiba wa nge. Baadhi ya nyigu wanaotaga mayai ndani ya mabuu yaliyojificha katika mbao wana metali hizo kwenye ncha ya mrija wa kutagia, ambao hutoboa mti mkavu ingawa ni mwembamba kama unywele.

Robert Schofield wa Chuo Kikuu cha Oregon ametumia miaka mingi kuzifuatilia metali hizi, na sisimizi wakata majani wa Amerika ya kitropiki ndio waliompa majibu mazuri kuliko wote. Sisimizi anapomaliza kugeuka kutoka buu kuwa mdudu kamili, mataya yake hayana zinki ya kutosha na ni laini. Katika siku za mwanzo za utu uzima zinki huingia kwenye vijino vya taya, na ugumu wake huongezeka hadi karibu mara 3. Mwaka 2021 kundi lake lilionyesha kwa kifaa kinachotambua atomi moja moja kwamba zinki hiyo haiko katika punje za madini kama chuma cha kitoni. Atomi zake zimesambaa sawasawa ndani ya protini ya jino. Tofauti hiyo ina maana kubwa. Madini huwa punje punje, na ukingo wa punje punje hauwezi kuwa mkali kupita ukubwa wa punje hizo. Protini iliyotiwa zinki inaweza kuchongwa kuwa kali zaidi na kubaki hivyo kwa muda mrefu. Kundi hilo lilikadiria kwamba ukali huo humruhusu sisimizi kukata kwa asilimia 60 tu, au chini yake, ya nguvu ambayo angehitaji kama meno yake yangekuwa ya aina ya meno ya binadamu. Kwa mnyama mwenye misuli midogo kiasi hicho, huo ndio mpaka kati ya kula na kushindwa kula.

Makali hayo nayo huisha. Utafiti wa awali wa kundi hilohilo ulionyesha kwamba sisimizi ambao mataya yao yamechakaa hukata majani kwa kasi ya karibu nusu ya wenye mataya mapya, na kwamba katika koloni hao ndio wanaoelekea kuacha ukataji na kuwa wapagazi wa vipande vilivyokatwa na wengine.

Baharini, minyoo kadhaa hutumia mbinu inayokaribia hiyo. Wapo wenye zinki katika mataya. Mnyoo wa jenasi Glycera, anayechimba matope ya pwani na kutumiwa sana kama chambo mashariki mwa Amerika Kaskazini, ana mataya manne meusi yenye shaba inayoweza kufikia asilimia 10 ya uzito wake. Shaba hiyo kwa sehemu iko katika madini ya atakamaiti, na kwa sehemu imeshikamana na protini na melanini, rangi ileile iliyomo katika ngozi na nywele za binadamu. Taya lina tundu ndani, na sumu hupitia humo. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walieleza kwamba protini moja, ambayo sehemu yake kubwa ni asidi amino mbili tu, glisini na histidini, ndiyo inayoendesha karibu kazi yote: hushika shaba, hujikusanya kuwa kimiminika kizito, kisha husaidia kutengeneza melanini na kuisuka pamoja nayo. Wataalamu wa vifaa wanaitazama kwa husuda inayoeleweka, maana kiwandani kazi kama hiyo ingehitaji mashine kadhaa na joto kali.

Wote hao hutia metali katika ncha na makali. Mnyama mmoja anavaa chuma kwa nje, na anaishi katika Bahari ya Hindi. Mwaka 2001 msafara wa watafiti wa Marekani uliteremsha chombo cha kuongozwa kutoka juu hadi kwenye uwanja wa chemchemi za maji moto unaoitwa Kairei, mashariki mwa Mauritius, kwenye kina cha zaidi ya mita 2,400. Maji ya bahari yanayopenya katika nyufa za sakafu hukutana huko na miamba yenye joto kali, huyeyusha chuma, shaba, zinki na salfa iliyomo, kisha hububujika yakiwa meusi kwa madini na moto wa zaidi ya nyuzi 300. Pembeni mwa chemchemi hizo, mahali ambapo maji hayo yamekwisha kuchanganyika na baridi ya kina, walikuwepo konokono weusi ambao mguu wao wa nyama ulikuwa umefunikwa na mamia ya vigamba vilivyopandana. Maelezo ya kwanza yalichapishwa mwaka 2003. Jina rasmi, Chrysomallon squamiferum, lilitolewa mwaka 2015.

Vigamba hivyo, pamoja na tabaka la nje la gamba la mgongoni, vina salfaidi za chuma: piraiti, ambayo wachimbaji wengi wamewahi kuidhania dhahabu, na gregaiti, ambayo huvutwa na sumaku. Hakuna mnyama mwingine aliye hai anayejulikana kuvaa salfaidi ya chuma namna hii. Gamba la mgongoni lina matabaka matatu: la nje la salfaidi, la kati nene na laini la protini, na la ndani la aragonaiti, madini ya kalsiamu yanayopatikana katika makombe mengi. Mwaka 2010 watafiti wa MIT waliopima gamba hilo walihitimisha kwamba matabaka hayo yakifanya kazi pamoja hupunguza nguvu ya pigo. Tabaka la chuma huruhusu nyufa ndogo nyingi badala ya ufa mmoja mkubwa, na tabaka laini la kati humeza zinazosalia. Kaa na konokono wawindaji wapo kwenye chemchemi hizo, kwa hiyo wazo la deraya lilikubalika haraka.

Halikubaliki kirahisi hivyo tena. Katika uwanja mwingine wa chemchemi, Solitaire, uliomo ndani ya eneo la kiuchumi la bahari la Mauritius, walipatikana konokono wa spishi hiyohiyo walio weupe, bila salfaidi ya chuma, na wanaishi vizuri. Maji ya Solitaire yana chuma kidogo zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha pia kwamba ndani ya kila kigamba mna vijia vyembamba ambamo konokono hutoa salfa, na salfa hiyo hukutana na chuma kinachopenya kutoka kwenye maji. Salfa kwa wingi ni sumu mwilini. Kwa hiyo inawezekana kwamba vazi la chuma lilianza kama njia ya kutupa taka, na faida ya ulinzi, kama ipo, ni ya ziada. Maelezo hayo mawili hayapingani kwa lazima, ingawa ya taka ndiyo yanayoeleza vizuri zaidi kwa nini konokono weupe wapo.

Salfa yenyewe humfikia kwa sababu ya namna anavyoishi. Konokono huyu hawindi wala hakwaruzi mwani. Tezi ya umio wake, ambayo kwa konokono wengine ni ndogo, imekua kupita kiasi na kujaa bakteria wanaotengeneza chakula kwa kutumia kemikali za chemchemi, naye huishi kwa chakula hicho. Bakteria hao wanahitaji oksijeni, na ili kuwafikishia mnyama ana moyo unaochukua takriban asilimia 4 ya ujazo wa mwili wake, kiwango kikubwa mno kwa mnyama yeyote. Mwenyewe ni mdogo, wa sentimita 4 na kitu.

Makazi yake ni viwanja vichache tu vya chemchemi kwenye safu za milima ya chini ya Bahari ya Hindi: Kairei, Solitaire, Longqi ulioko kusini-magharibi, na maeneo mengine machache yaliyogunduliwa baadaye. Ukijumlisha eneo lote la viwanja vitatu vya kwanza hupati hata kilomita moja ya mraba. Mwaka 2019 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, lilimwingiza konokono huyu katika Orodha Nyekundu kama spishi iliyo hatarini, na alikuwa wa kwanza kuingizwa humo kwa sababu ya tishio la uchimbaji wa madini katika bahari kuu. Tishio hilo linatokana na zilezile salfaidi zinazorundikana kando ya chemchemi, ambazo zina shaba, zinki na hata dhahabu. Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao yake Kingston, Jamaika, imetoa mikataba ya utafutaji wa madini inayohusu Longqi kwa China na Kairei kwa Ujerumani. Utafutaji si uchimbaji, na hadi mwaka 2025 Mamlaka haikuwa imetoa kibali cha uchimbaji wa kibiashara kwa nchi au kampuni yoyote. Kanuni za uchimbaji huo zilikuwa bado zikijadiliwa na nchi wanachama, Kenya na Tanzania zikiwemo.